Kupwaza, kutokosa, kuunga: Vitenzi vya chakula cha usiku

Mimi ni msomaji wa kudumu wa mapishi ya Kiswahili, yawe ya magazetini au ya vitabuni, ingawa jikoni kwangu kazi ninayoaminiwa ni kumenya vitunguu. Ninachokitafuta humo ni vitenzi. Na katika mapishi ya siku hizi, hasa yale yanayoahidi chakula chepesi cha usiku kwa mtu aliyerudi kazini akiwa hoi, vitenzi vinazidi kuwa adimu. Weka, changanya, chemsha, acha. Hivyo vinne hubebeshwa mzigo wote kama punda wa Lamu. Hebu tazama sentensi hii, niliyoitunga mwenyewe kwa kuiga mtindo huo: "Weka muhogo kwenye sufuria, weka maji, weka chumvi, kisha chemsha kwa dakika 20." Sarufi yake haina kasoro. Mwanafunzi akiiandika katika insha, hakuna mwalimu atakayeitia wino mwekundu.

Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti nilipokuwa Marereni, mbele ya mama mmoja aliyekuwa akimenya muhogo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kichemshwacho ni maji. Muhogo hupwazwa." Halafu akaendelea na kisu chake.

Marereni, kwa wasiopajua, ni mji mdogo kaskazini ya Malindi, ukishaipita Gongoni katika barabara ya kwenda Garsen. Ni mji wa chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo vikayapunguza siku baada ya siku mpaka chumvi ikabaki chini, ikakwanguliwa na kurundikwa kama vichuguu vyeupe. Wakazi wengi ni Wagiriama, na Kiswahili chao kina Kigiriama ndani yake, jambo nitakalolirudia. Kwa sasa nataka msomaji ayashike hayo maji yanayopungua, maana ndimo kilimo kitenzi cha yule mama.

Bahari hujaa na kupwa. Kupwa ni maji kurudi nyuma na kuacha ufuko mkavu; pwani, basi, ni pale panapopwa. Kupwaza ni kitenzi cha ukoo huo huo: ni kupika kitu kama muhogo, viazi, ndizi au samaki kwa maji na chumvi mpaka maji yenyewe yakaukie chomboni. Anayepwaza anayafanya maji yapwe. Tazama ni mangapi ambayo kitenzi hicho kimekwisha kutueleza kabla hatujauliza. Maji ni ya kiasi, kwa kuwa hayatamwagwa. Chumvi hutiwa toka mwanzo, ili iingie ndani ya muhogo kadiri maji yanavyokwenda. Na wakati wa kuepua ni pale maji yanapokwisha na sauti ya sufuria inapobadilika, si dakika ya ishirini, kwani muhogo mchanga na uliokomaa haviivi pamoja.

Kutokosa ni jirani yake. Hapa kitu huivishwa kwa maji tu, bila viungo, na maji yakibaki humwagwa: mahindi ya kutokosa, mayai ya kutokosa. Kwa upande wa mofolojia, tokosa ni kauli ya kutendesha ya tokota, ambapo sauti t hugeuka s, sawa na takata kuzaa takasa. Chemsha nacho kimetoka kwa chemka, ambapo k hugeuka sh, kama vile kauka na kausha. Sasa, kinachochemka ni kiowevu: maji, chai, maziwa, mchuzi. Muhogo hauchemki, huwamo tu ndani ya kinachochemka. Hiyo ndiyo mantiki ya yule mama, na kama angekuwa na shahada ya isimu asingeieleza vizuri zaidi.

Sidai kwamba "muhogo wa kuchemsha" ni kosa. Umezoeleka mno kuitwa kosa. Dai langu ni la jikoni zaidi: mwenye kitenzi kimoja ana chakula kimoja, na mwenye vitenzi vitano ana vyakula vitano kwa vitu vile vile.

Fikiria nyumba ya Marereni siku ya kazi, mtu akirudi jua linazama. Ndani mna muhogo au unga wa mahindi, nazi, kitunguu, nyanya mbili, fungu la majani, pengine kipande cha ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Vitu hivyo havibadiliki sana toka Jumatatu hadi Ijumaa, na mfuko haubadiliki kabisa. Muhogo uliopwazwa huliwa kwa pilipili iliyopondwa na kukamuliwa ndimu, basi. Ule ule ukitiwa tui badala ya kuachwa mkavu huwa muhogo wa nazi, chakula ambacho watu wa Pwani hukifuturia mwezi wa Ramadhani. Uliobaki ukilala, kesho yake hukatwa vipande ukakaangwa, na kwa kuwa umekwisha kuiva hauchukui muda wala mafuta mengi. (Mambo haya ni ya muhogo mtamu. Ule mchungu una sumu na una taratibu zake ndefu. Si wa kuharakishiwa usiku.) Mtu akifungua ukurasa wa mapishi akakuta "chemsha muhogo" mara tatu, hataona kwamba ameonyeshwa milo mitatu.

Kitenzi kinachonivutia zaidi ya vyote ni kuunga. Maana yake ya msingi ni kushikanisha: huungwa kamba iliyokatika, huungwa mfupa uliovunjika, huungwa mkono hoja ya mbunge. Jikoni, kuunga mboga ni kukaanga kitunguu, kukifuatisha nyanya mpaka ilainike, kisha kuyaingiza majani yaliyokwisha kuiva pamoja na tui au mafuta, vitu vyote vikashikana vikawa kimoja. Kinachounga ni kiungo. Hapo ndipo walipokutana kiungo cha mwili, kiungo cha mchuzi na yule kiungo wa timu ya kandanda anayeiunganisha ngome na washambuliaji.

Kwa hiyo nakereka, na sitaficha, nionapo mapishi yenye kichwa "Viungo" na chini yake "nyama kilo moja, mchele vikombe vinne". Nyama si kiungo. Nyama ndiyo inayoungwa. Huko Tanzania waandishi wengi wa mapishi huandika "Mahitaji", nalo latosha kabisa. Neno "viungo" likishafanywa kuwa la kila kitu kiingiacho sufuriani, bizari na kitunguu saumu hubaki bila jina, na msomaji hajui tena ni kipi kinachoweza kukosekana chakula kikaliwa hivyo hivyo na kipi kikikosekana hakuna chakula. Kwa anayepika kwa alichonacho, hilo ndilo jambo la kwanza kulijua.

Mfano mzuri wa kuunga ni mchunga. Ni jani la porini, jina lake la kitaalamu Launaea cornuta, ambalo huota lenyewe mashambani mvua zikinyesha. Wagiriama huliita mutsunga; ts yao mara nyingi hukutana na ch ya Kiswahili, na hata asiyejua isimu ya kulinganisha atalionja neno uchungu humo. Majani hayo ni machungu kwelikweli. Wazee huyala hivyo hivyo na kuyasifu, lakini watoto huyakataa, na hapa ndipo ustadi unapoonekana: mchunga huchanganywa na majani ya upole kama mchicha au kunde, ukatokoswa, maji yake yakamwagwa na majani kukamuliwa, kisha yakaungwa kwa kitunguu, nyanya na nazi. Uchungu haupotei, hupungua ukawa ladha. Mijini mahali pa mboga hiyo pamechukuliwa na sukumawiki, jina ambalo lenyewe ni sentensi nzima ya kuamuru iliyogeuzwa nomino: mtu anaambiwa aisukume wiki mpaka mshahara ufike. Marereni sukumawiki pia huuzwa. Ila kwa fungu lake hutoka shilingi, na mchunga huota bure.

Nimetaja nazi mara kadhaa kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Nazi hukunwa kwa mbuzi (mbuzi ya kukunia, ya ngeli ya I-ZI, msomaji asinichekee), machicha yakakamuliwa kwa maji kidogo likatoka tui la kwanza, zito, ambalo baadhi ya watu wa Pwani na visiwani hulijua kama kasimile. Machicha yale yale yakiongezwa maji hutoa tui la pili, jepesi. Kitoweo hupikwa kwa tui jepesi mpaka kiive, na lile zito huja mwisho, likakorogwa bila kuachwa mpaka lichemke, ama sivyo hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Mwandishi anayesema "weka kikombe kimoja cha tui" amemwacha mpishi wake njia panda. Tui lipi? Na lini?

Halafu hilo weka. Kuweka ni kukalisha kitu mahali: weka kitabu mezani, weka akiba. Kutia ni kuingiza kitu ndani ya kingine: tia chumvi, tia maji, tia nazi. Lugha yenyewe inalinda tofauti hiyo katika nahau. Mtu anayeongeza uongo katika habari anatia chumvi; hakuna awekaye chumvi katika habari. Najua wapo wanaolikwepa tia kwa haya, kwa sababu ya maana nyingine liliyo nayo mitaani. Haya hiyo naiheshimu, lakini jikoni haina kazi.

Nimesema Kiswahili cha Marereni kina Kigiriama ndani yake, na mfano ulio wazi zaidi uko sahanini. Sima, au ugali kama wasemavyo wa bara, Wagiriama huuita wari, na ule wa mahindi ni wari wa matsere. Wari ni ndugu wa neno la Kiswahili wali, kwani r ya Kigiriama mara nyingi hujibiwa na l: kurima ni kulima, kurira ni kulia. Ndugu hao wawili walitengana kimaana. Wa Kiswahili alishika mchele, wa Kigiriama akashika unga. Sasa mchukue mtoto wa darasa la nne ambaye amefundishwa, na ni sawa kufundishwa, kwamba "kurima" kwa Kiswahili ni "kulima". Anaambiwa aandike insha kuhusu jioni ya nyumbani kwao. Kwa kufuata kanuni ile ile aliyopewa anaandika, "Jana usiku tulikula wali kwa mchunga." Kila neno ni la Kiswahili. Mwalimu aliyetoka kwingine anasoma kuwa nyumba hiyo ilikula mchele, na ilhali nyumba haijapika mchele toka Jumapili. Si mtoto aliyekosea wala si mwalimu, lakini kimoja kimepotea katikati yao, nacho ni chakula halisi cha watu halisi. Sauti ilihamishwa, maana ikaachwa nyuma. Dakika tano za kulinganisha wari, wali, sima na ugali ubaoni zingemfaa mtoto huyo kuliko orodha ya vyakula vya kukariri.

Na tukiwa hapo, sentensi ya mtoto ina jambo lingine la thamani. Amesema "wali kwa mchunga". Wengi wetu tungesema "na". Katika Kiswahili cha Pwani kitoweo huonekana kama chombo: kinakusaidia kula kile kingine. Ndiyo maana hutumika hata kauli ya kutendea, kulia, yaani kula kwa kitu fulani, kauli ile ile iliyotupa mkono wa kulia, mkono ambao kwao hulishwa kinywa. Swali la jioni huweza kuwa "Leo twala na nini?" au, kwa wazee, "Leo twalia nini?", na mtoto mtundu akajibu kwamba yeye halii, ana njaa tu. Kitoweo chenyewe ni nomino kutoka kitenzi towea, kula chakula kikavu kwa kitu cha kukiteremsha, nayo imeundwa kwa ki- mwanzoni na -o mwishoni kama kifuniko kutoka funika. Kitenzi karibu kimesahauliwa, nomino ingali hai. Bara, mahali pengi, kazi yake imechukuliwa na "mboga", hadi utasikia kwamba mboga ya leo ni nyama. Silaumu. Lakini anayeandikia nchi nzima akumbuke kwamba "andaa mboga" kwa msomaji mmoja ni mchicha na kwa mwingine ni maini.

Nafaka na kunde zina mtego kama huo, tena huu hugharimu pesa. Zile punje ndogo za kijani, Mombasa na Malindi huitwa pojo. Bara ya Kenya ni ndengu. Tanzania ni choroko, na huko ukisema dengu utapewa kitu kingine kabisa, chenye punje kubwa za rangi ya manjano. Mtu wa Marereni akifuata mapishi ya Dar es Salaam yanayotaka dengu, akatumia pojo, atapata chakula kizuri, ila si kile alichoahidiwa. Kuziandika zote tatu mara ya kwanza, kwa mkwaju kati yake, hakumalizi karatasi.

Pojo ndizo mkombozi wa usiku wa katikati ya wiki, kwa maoni yangu. Zikiloweshwa asubuhi huiva upesi jioni. Zikitiwa tui huliwa kwa chapati. Na zikipikwa sufuria moja na mchele huwa mseto, wanga na kitoweo katika pumzi moja, chombo kimoja cha kuoshwa. Wakenya walilisikia neno hilo kila siku kuanzia 2008, tulipokuwa na serikali ya mseto, na nadhani wapo vijana wanaodhani lilizaliwa bungeni. Limetoka chunguni. Na si hilo tu: kupakua ni kutoa chakula chunguni kabla hakijawa kutoa faili intanetini. Lugha inapotaka neno jipya hulichota jikoni mara nyingi kuliko tunavyokiri, na jiko lenye vitenzi vinne halina cha kuchotwa.

Ng'onda nimemsahau makusudi, kwa kuwa mapishi yake ni mafupi. Huloweshwa ili chumvi ipungue, akapikwa chukuchuku, yaani bila mafuta wala nazi, kwa nyanya, pilipili na kitu kichachu: ukwaju, au embe bichi msimu wake ukifika. Anayetaka nazi hutia mwishoni. Tungule badala ya nyanya, ukipenda. Ni kitu kimoja.

Watauliza wasomaji walimu, "Na chajio je?" Neno hilo hufundishwa pamoja na chamshakinywa na chamcha, na silikatai. Ni fupi, na huziba pengo mtihanini. Ila kwa siku zote nilizokaa Marereni sikumsikia mzazi akimwita mtoto aje ale chajio. Husikika "njoo ule", na anayeulizwa ni mlo gani hujibu chakula cha usiku.

Kinachobaki cha usiku, kwa upande mwingine, kina majina ya kutosha. Ni kiporo kwa wengi, mwiku kwa wengine, na baadhi ya wazee wa Pwani husema bariyo. Watangazaji wa kandanda Tanzania wamelichukua la kwanza, mechi iliyoahirishwa ikawa kiporo. Nyumbani kiporo cha sima hukatwa vipande asubuhi kikakaangwa au kikapashwa juu ya makaa, na mseto uliolala hutiwa maji kijiko kimoja, ukafunikwa, moto ukawa mdogo sana, kwa sababu choroko zilizolala hushika sufuria haraka. Pojo, nilitaka kusema.